Masika ya Macho ya Kungu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimenunua kaunta buku, jalada gumu. Ashrafu, mwenye saluni ninayonyolea hapa Picha ya Ndege, akaniuliza, "Unarudi shule?" Nikamwambia shule ndiyo inayonitafuta mimi. Kweli niliishia kidato cha pili, lakini nitajie mwingine wa kidato cha pili mwenye wasomaji mia mbili na kumi na nne kwenye kundi la WhatsApp. Simulizi yangu, "Malkia wa Maili Moja", imefika sehemu ya tisa na watu wanaigombea kama maji ya bomba. Mwandishi mkubwa lazima awe na daftari la siri la kuandikia anayoyaona kwa watu, halafu akayamwage kwenye simulizi. Ndilo hili. Atakayelisoma bila ruhusa aote kipara.

Mawingu yamejaa upande wa Kisarawe. Haijanyesha.

Jumatano, 5 Machi

Siri ya kwanza: Stellamaris, malkia wa simulizi, ni shemeji yangu Yunisi, mke wa kaka Adam. Si kwa ubaya. Shemeji ni mtani wangu, na mimi naishi kwao. Macho nitayaweka wapi? Anashona cherehani barazani na anayepita lazima ageuke. Zamani alikuwa mweusi wa kung'aa, mwepesi, ukimtuma dukani anarudi hujamaliza kusema. Mwaka huu amebadilika. Amekuwa mweupe. Anatembea hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, kama bibi harusi. Na macho sasa! Yamelegea kama aliyekula kungu zikamlewesha. Sehemu ya kumi nimeianza hivi: "Stellamaris alitembea kana kwamba ardhi ilimwomba asiharakishe." Nimeisoma mara nne. Mimi ni hatari.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Umeme umekatika, kichwa cha mteja kimebaki nusu mpaka saa tisa.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja Mayu. Ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama. Jina lake Selina, yuko Mzenga na ng'ombe wake, na huwa haji bila sababu. Akamtazama Yunisi kuanzia ukucha hadi nywele. Tumbo limeanza kuchomoza. Baadaye akamkuta jikoni anatafuna pemba, ule udongo wanaoupenda wajawazito. Mayu akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka.

"Miaka minne nalia na Mungu! Adam, ndiyo unanificha, mwanangu?"

Kaka akacheka kicheko cha kijinga. Nadhani na yeye ndiyo kwanza alikuwa anaambiwa.

"Na mimba imempendeza," Mayu akasema. "Tazama alivyotakata. Huyo ni wa kike." Akamshika Yunisi mashavu. "Mwanangu, kaa chini. Mwanangu, usibebe ndoo."

Yunisi alikuwa anaangalia sakafu. Haya za kike. Na hiyo nimemwekea Stellamaris.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Kaka Adam anaondoka alfajiri kwenda kazini Dar akipiga miluzi. Ameshataja majina matatu.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji kanituma pedi.

"Mwanaume kamili nibebe pedi, shem?"

"Ni za jirani. Nenda bwana, mwandishi mkubwa. Hutaungua."

Duka la dawa lililo karibu ni la Tunu. Amesomea uuguzi, na ni msomaji wangu, na kati ya wote mia mbili na kumi na nne ndiye mwenye mdomo.

"Karibu, mwandishi. Za Stellamaris?"

"Nzuri. Ila yeye hatumii vitu hivi."

"Najua hatumii. Sehemu kumi, ngumi mara mbili, ajali mara moja, na hajawahi kuona siku zake. Ulimuumba ukasahau kizazi?"

Wateja wakacheka. Nikamjibu kwamba malkia haoni siku, siku ndizo zinamwona yeye. Nilitoka nimeshinda. Njiani nikawa sina hakika nimeshinda nini.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Pedi tena, pakiti mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Pedi tena. Ati za jirani yule yule. Nikakaa nikafikiri: jirani gani? Kushoto kwetu ni mzee Abdulwahab anayeishi peke yake. Kulia ni kiwanja kitupu.

Jumanne, 25 Machi

Leo nimekwenda kwa Tunu bila kutumwa.

"Tunu, nina swali la kisanii. Mjamzito anaona siku zake?"

Akaweka chini boksi alilokuwa ameshika. "Silas, biolojia ulisoma wapi?"

Nikamweleza ukweli. Kidato cha pili, mwalimu alipofika kwenye habari za uzazi alisema, "Hii someni wenyewe nyumbani." Nyumbani hatukuwa na kitabu, tulikuwa na ng'ombe. Ya ng'ombe nayajua yote.

"Basi sikia. Haoni. Mjamzito akitokwa damu, hata matone, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo."

"Na mwanamke akiwa hana mimba, tumbo linaweza kukua?"

Hapo akaacha kucheka. "Tunamzungumzia Stellamaris, au mtu?"

"Stellamaris."

Akachukua simu, akafungua sehemu ya kumi, akaanza kunisomea kama anasoma faili la wodini. "Amekuwa mweupe kuliko mwaka jana. Hatua moja, anapumzika. Macho yamelegea. Moyo ukimdunda hata kitenge kikatikisika kifuani." Akaniangalia. "Hapa ulidhani unaandika mapenzi?"

"Si mapenzi?"

"Huyu hana damu, Silas. Umemwandika mgonjwa, na sisi watu mia mbili tukampenda." Akageuza kiganja chake juu ya kaunta. "Kama yupo mtu, mtazame hapa. Halafu mvute kope ya chini. Pakiwa peupe, usiandike. Kimbia."

Nimetoka bila kuaga. Mvua imenikuta nusu ya njia, sikujificha.

Jumatano, 26 Machi

Nimefanya utani. Nikamwambia, "Shem, lete mkono, nimejifunza kusoma viganja." Akaniletea, anatabasamu. Kiganja cheupe kama ugali wa sembe.

"Unaona watoto wangapi?" akaniuliza.

Mdomo huu haujawahi kukosa neno tangu nizaliwe. Leo umekosa.

Akauvuta mkono wake polepole. "Umeona," akasema.

Akanieleza huku cherehani inaendelea, ili mpita njia asishtuke. Damu ilianza kuzidi mwaka jana mwezi wa kumi. Siku saba. Kisha kumi na nne. Sasa haikatiki. Tumbo ni gumu na halichezi. Anajua si mtoto, amejua siku zote.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema. Mama akapiga kigelegele." Akakata uzi kwa meno. "Miaka minne, Silas, ananiita 'wewe'. Siku ile akaniita mwanangu. Nikasema acha nikae na jina hilo wiki moja, halafu nitasema. Leo ni wiki ya tatu."

"Twende hospitali kesho, mimi na wewe."

"Wataniuliza mume yuko wapi. Wataniambia nina nini. Nikishajua, itabidi wengine wajue. Nipe mpaka Pasaka. Apa."

Nimeapa. Sijui kwa nini nimeapa.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Sehemu ya kumi na mbili sijaituma. Kundini wananitukana. Kila nikiandika "Stellamaris" mkono unasimama.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mzee Abdulwahab ametuletea pilau. Yunisi amekula kijiko kimoja, akaomba barafu, akaitafuna yote kama karanga.

Jumamosi, 5 Aprili

Mayu amepiga simu. Yunisi apelekwe Mzenga akapumzike, yupo mkunga wa kumkanda tumbo. Kaka amefurahi. Nikasema, "Kaka, aanzie kliniki."

"Tangu lini kinyozi akajua kliniki?" Akacheka, akanipiga kibao cha mgongoni.

Yunisi alikuwa nyuma yake, ananiangalia. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Aliniangalia tu. Nikanyamaza. Nimezaliwa mropokaji, na siku iliyotakiwa kuropoka nimenyamaza.

Jumapili, 6 Aprili

Kaka amempeleka Yunisi Mzenga, jioni karudi peke yake. Shemeji alipanda gari kwa awamu tatu.

Jumanne, 8 Aprili

Wanasema barabara ya kutoka Mlandizi kwenda Mzenga imekatika darajani. Simu ya Yunisi haipatikani. Ya Mayu inaita, haipokelewi. Nimemkata mteja sikio kidogo.

Jumatano, 9 Aprili

Haipatikani.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Siku mbili sikushika kalamu. Niandike kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Tunu, nikamwambia, "Si Stellamaris. Ni shemeji yangu, yuko Mzenga, na mimi nimeapa nisiseme."

Sikuona hata chembe ya utani usoni kwake. "Kiapo hicho utakisoma kwenye msiba wake?"

Nikampigia kaka hapo hapo kaunta. Nikamweleza yote. Akaniuliza swali nililokuwa naliogopa kuliko yote: "Wewe umeyajuaje mambo ya mke wangu?"

"Kwa sababu mimi ndiye natumwa pedi, kaka. Wewe humkuti akiwa macho."

Akakata. Baada ya dakika tano akapiga. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Tangulia. Mimi natafuta gari, nitasubiri pale barabara ilipokatika."

Pikipiki ilinifikisha darajani. Nikavuka kwa mguu, maji kiunoni, viatu vimening'inia shingoni, kisha saa mbili za tope. Nilifika saa nane mchana. Yunisi alikuwa amelala kwenye mkeka ukumbini, na yule mkunga amekaa pembeni, mafuta bado mkononi, hakandi.

"Nimekataa," mkunga akaniambia kabla sijasalimia. "Mtoto hucheza. Hili ni jiwe."

"Shikamoo Mayu," nikasema. "Shemeji hana mimba. Anatoka damu tangu mwaka jana."

"Silas! Mambo ya wanawake hayo. Toka nje."

"Sitoki."

"Nimesema toka!"

Nikaona nikibishana kwa maneno ya Tunu sitamaliza. Nikatumia ya kwetu. "Mayu, ng'ombe wako akitoka damu miezi sita, anatembea anasimama, anakula udongo, utasema ana mimba?"

Mvua inapiga bati. Mayu alikuwa amesimama mlangoni na kamba ya ndama begani. Asubuhi zote za maisha yangu nimemwona akizunguka zizini, anamshika ng'ombe pembe, anamvuta kope ya chini kwa dole gumba atazame kama damu ipo au ndigana, ule ugonjwa wa kupe, imeinywa. Hakosei. Akaja taratibu, akapiga magoti kwenye mkeka, akaweka dole gumba lile lile chini ya jicho la Yunisi, akavuta.

Niliona na mimi. Palikuwa peupe kama ndani ya ganda la yai.

Mayu akasema kwa sauti ndogo: "Kila siku natazama ng'ombe arobaini. Huyu sikumtazama." Akasimama. "Fungeni mkokoteni."

Tulimlaza juu ya godoro, mafahali wawili mbele, Mayu miguu peku ndani ya tope anavuta kamba na kuwasemesha kwa Kisukuma, na mimi juu nimeshika nailoni tusilowe. Kila gurudumu likizama moyo wangu unazama nalo. Midomo ya Yunisi ilikuwa na rangi ya majivu.

"Shemeji," akasema. "Umesema."

"Nimesema."

"Mbwa wewe."

"Sawa shem."

Tukaenda kidogo. "Usiniache nilale," akasema. "Nikilala sirudi."

Sasa nitamsemesha nini? Nikamsimulia sehemu ya kumi na mbili, kisha ya kumi na tatu, kisha nyingine ambazo hata mimi nilikuwa sizijui. Nilimpeleka Stellamaris mahakamani, nikamwoza, nikamwachisha, nikamgombanisha na mawifi. Akifumba macho naongeza sauti.

"Huyo Stellamaris," akanikatiza, "ni mimi, eeh?"

"Nani kasema?"

"Macho ya kungu." Akavuta pumzi mara tatu ndipo akamalizia. "Mpumbavu. Nilikuwa naona giza."

Nikamsogezea nailoni usoni asilowe.

Kaka alikuwa ng'ambo ya maji na gari. Wanaume wanne walimvusha na godoro lake. Magharibi tulikuwa hospitali. Daktari alipima, akasema kipimo cha damu yake ni tatu na nukta kidogo, na ya mwanamke mzima inatakiwa ifike kumi na mbili. Akatuuliza, "Huyu alikuwa anatembea?" Nikasema ndiyo, na nilimsifia.

Wanataka ndugu wachangie damu. Kaka ametoa. Na mimi nimetoa. Niliwaambia manesi sindano kwangu ni kama mbu, wakaniamsha baadaye sakafuni.

Jumapili, 13 Aprili

Chupa ya tatu inaingia. Mayu halali, hali, hasemi.

Jumatano, 16 Aprili

Damu imefika nane. Daktari ametuita wote kitandani. Ni uvimbe kwenye kizazi, fibroidi, mkubwa kama kichwa cha mtoto, na una wenzake. Si saratani, amesema, lakini ndio unaomwaga damu.

Akamgeukia kaka. "Tutautoa tukiacha kizazi. Lakini damu ikikataa kusimama mezani, itabidi tuondoe kizazi tuokoe maisha. Wewe mume, utasaini hapa."

Kaka akachukua kalamu.

"Dokta," Yunisi akasema kutoka kwenye mto. "Mwenye kizazi yuko huku."

Daktari akageuka. Akaomba radhi, lazima niseme, akaomba radhi vizuri.

"Nikibaki hivi hivi?" Yunisi akamuuliza.

"Masika ijayo hutaiona."

Yunisi hakumtazama mumewe. Alimtazama Mayu. Mayu alikuwa anatazama miguu ya kitanda. Yunisi akasubiri, akasubiri, halafu akanyoosha mkono kuomba karatasi, akasaini mwenyewe, jina kamili.

Alhamisi, 17 Aprili

Ameingia saa tatu asubuhi. Mvua.

Saa nne. Saa tano. Walisema ingechukua saa mbili tu.

Saa sita nesi ametoka mbio, amerudi na chupa za damu.

Saa saba. Kaka anahesabu vigae vya ukuta.

Saa nane na robo. Yuko hai. Kizazi hakikubaki.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ameamka, wakamwambia. Hakulia. Akageukia ukutani. Kaka amekaa pembeni ameshika kisigino cha mkewe, maana ndicho alichoachiwa.

Mayu aliingia asubuhi. Akasimama miguuni pa kitanda, akautazama mgongo wa Yunisi, akatoka. Hajarudi. Saa za kutazama wagonjwa jioni hakuwepo. Kaka kaniita koridoni.

"Silas, kama Mama amerudi Mzenga, nitamwambia nini huyu?"

"Hajarudi."

"Mimi ndiye mtoto wake mkubwa. Alikuwa anataka kitu kimoja tu. Akisema neno, hata moja, Yunisi atalisikia mpaka siku ya kufa. Nitachagua nani?"

Nimezoea kaka ndiye anajua. Nikamwambia atamchagua aliyelala pale, na kama hamchagui, mimi nitamchagua. Nilidhani atanipiga. Akaniegemea bega.

Jumamosi, 19 Aprili

Yunisi kaongea leo. Neno moja, akiwa bado amegeukia ukuta: "Kaondoka?"

Nikatoka kumtafuta Mayu. Getini hayupo. Kwa wauza uji hayupo. Kule wanakoanika nguo, nyuma ya wodi ya wazazi, kuna bomba na karo la saruji, wanawake wamejaa wanafulia wagonjwa wao. Nikamwona katikati yao. Kanga zote za Yunisi, za siku zile za Mzenga na za jana, ziko mbele yake. Anasugua kwa nguvu za mtu anayeosha mkokoteni. Maji ya beseni yalikuwa mekundu, akayamwaga, akakinga mengine, yakawa ya waridi, akayamwaga.

Nikasimama. Kwetu mama mkwe hagusi nguo zenye damu ya mkwewe. Hata kuzitazama hazitazami. Na mwanaume hata njia hiyo hapiti.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua nepi akamwuliza, "Mama, ni binti yako?"

"Ni mwanangu."

"Hongera. Kajifungua nini, wa kiume au wa kike?"

Nikataka kupiga kelele, kudondosha kitu, kumwuliza yule mama habari yoyote ya dunia. Mayu akainua uso, akaniona. Alikuwa analia, nadhani tangu jana, lakini mikono haikuacha kusugua.

"Mzima," akamjibu. "Kajifungua mzima."

Akaitoa kanga majini, akanirushia ncha moja, nyingine akaishika yeye.

"Wewe umesimama nini? Kamua."